Hiyo Taa Ipunguze, Mwanangu

Ubaya wa taa kubwa ni kwamba wiki ya kwanza inapendeza. Ingekuwa inaharibu siku ileile, watu wangeirudisha dukani kabla ya magharibi na habari ingeishia hapo. Sasa unaifunga juu ya tangi la samaki, unaiwasha, na maji yanameta hadi changarawe unaweza kuihesabu. Gapi ambao jana walikuwa wa kawaida tu leo wana rangi. Majani yanatoa vipovu vya hewa vinavyopanda juu kimoja kimoja, na majirani wanaitwa waje waone. Wiki ya pili mawe yanashika vumbi la kahawia. Unalifuta kwa kidole, linatoka, unasahau. Wiki ya tatu kioo kina madoa ya kijani ambayo kitambaa hakiyawezi, mpaka uyakwangue kwa wembe. Mwezi ukitimia, nyuzi za kijani zimeshajisokota kwenye kila jani, maji yameanza kunuka udongo, na mwenye tangi yuko barazani kwangu, shikamoo yake ina unyenyekevu kupita kawaida, anauliza dawa ya mwani.

Walikuja enzi za balbu za waya. Zikaja tyubu, wakaja. Zilipoingia LED ndiyo wakazidi. Taa zinabadilika, swali halibadiliki, na mimi sina jibu ila kuuliza: taa yako inawaka kwa muda gani?

"Inawaka tu, Mzee. Naiwasha nikiamka, naizima nikienda kulala."

"Unaamka saa ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Na kulala?"

Hapo kijana hukuna kichwa, maana anajua. Analala saa sita usiku, akiwahi. Muda wa saa 18 mwanga unamwagwa kwenye lita 60 za maji. Jua la Dar es Salaam lenyewe, ambalo halina haya wala huruma, hufanya kazi yapata saa 12 kisha likaenda zake. Na katika hizo 12, asubuhi na jioni huja limelala upande, nguvu yake kamili ni saa chache tu za katikati. Kijana anautaka mmea wake ukeshe kuliko jua.

Simgombezi. Macho hayana pazia, na duka la taa limepangwa kwa ajili ya macho. Ukiingia pale Kariakoo kila taa imewashwa, na kati ya taa zilizowashwa zote kwa pamoja, yenye mwanga wa wastani inaonekana mgonjwa. Muuzaji hana haja ya kukudanganya. Anakaa kimya tu, wewe mwenyewe unanyoosha kidole kwenye ile kali kuliko zote. Kisha mtu akishatoa pesa nzuri kununua taa, kuizima anaona hasara. Huo ndio ubinadamu, na mimi nimeishi na binadamu muda mrefu.

Sasa sogea, maana jambo lenyewe ni la jikoni. Mwanga ni moto, tangi ni chungu. Ndani ya chungu mna vitu ambavyo mmea unavipika: hewa ukaa iliyoyeyuka majini, na mbolea, yaani naitreti, fosfeti, potasiamu, chuma, na vingine vya kuonjesha tu. Moto ukiwa wa wastani na chungu kina cha kupikwa, wali unaiva. Ukichochea kuni zote za nyumba chini ya kibaba kimoja na maji kidogo, huli mapema, unakula ukoko. Hewa ukaa ndiyo inayopungua kwanza, kwa sababu ndani ya maji husambaa taratibu mno, kama mara 10,000 chini ya kasi yake hewani. Mmea wa bustanini upepo unaupelekea chakula mdomoni. Mmea wa majini unangoja. Ukiuwashia taa kali, asubuhi unatumia hewa ukaa iliyojikusanya usiku kutokana na pumzi za samaki na uchafu unaooza kwenye changarawe. Ikiisha hiyo, taa bado inawaka na mmea umekunja mikono. Mwanga haurudi ulikotoka. Upo pale, mali isiyo na mwenyewe, na mwani, ambao huridhika na makombo, unajichukulia.

Wakulima hawahitaji kuambiwa hili. Mkemia Mjerumani Justus von Liebig aliieneza kanuni hiyo katika karne ya 19 akizungumzia mashamba: mmea hukua kwa kadiri ya kile kilicho haba kuliko vyote. Kilichokwisha kujaa, hata ukiongeza gunia, hakikupi kitu. Wenye matangi wanaisoma, wanaitikia kwa kichwa, kisha wanaongeza taa.

Ndiyo maana nasema taa hununuliwa mwisho. Kwanza jua unapanda nini.

Nikiuliza hivyo, simu zinatolewa. Naonyeshwa picha: zulia la vijani vidogo vilivyofunika sakafu yote, mashina mekundu nyuma yake, mbao zimelazwa utadhani mto umezileta wenyewe. Ukifuata ukoo wa picha za namna hiyo utafika kwa mtu mmoja, Takashi Amano wa Niigata, Japani. Alikuwa mwendesha baiskeli wa mashindano, akawa mpiga picha, na mwaka 1982 akaanzisha kampuni yake ya bustani za majini. Alifariki mwaka 2015, mwaka uleule lilipofunguliwa tangi lake kubwa kule Lisbon, Ureno, lenye urefu wa mita 40 na maji lita 160,000. Ni kazi ya kuvulia kofia. Lakini picha haionyeshi mtungi wa hewa ukaa uliofichwa kabatini, wala mbolea inayopimwa kwa mililita, wala mkasi, wala mtu anayebadilisha maji kila wiki na mgongo unamuuma. Inaonyesha taa. Mtu anaona taa, ananunua taa.

Na dunia ina utani wake, maana Mjapani mwingine aitwaye Amano ndiye mmoja wa waliotuletea taa zenyewe. Hiroshi Amano, pamoja na Isamu Akasaki na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa kuvumbua LED ya buluu. Hiyo nyeupe unayoiona dukani kwa kawaida ni LED ya buluu iliyopakwa unga wa manjano juu yake; rangi zikichanganyika, jicho linaona nyeupe. Majina yamegongana tu. Ila kati ya Amano wa bustani na Amano wa taa, nawafahamu vijana waliofilisika.

Zulia lile la kwenye picha mara nyingi ni Hemianthus callitrichoides wa Cuba. Huo unataka mwanga mwingi kweli, na unataka hewa ukaa ya mtungi, na ukisafiri kwenda msibani wiki mbili unarudi umeshajing'oa na kuelea juu. Kama una muda huo, sawa, Mungu akuzidishie. Mtu mwenye kazi, watoto na foleni ya Mbagala ana mimea yake mingine. Kuna Anubias, mzaliwa wa Afrika Magharibi na Kati, kwenye vijito vya msituni ambako jua huchungulia tu. Kuna Bolbitis heudelotii, jamii ya kangaga, naye Mwafrika. Kuna kangaga la Java, kuna Cryptocoryne za Asia. Na kuna vya kwetu wenyewe ambavyo watu huagiza kwa dola bila kujua: Vallisneria, ile ya majani marefu ya utepe, inaota Ziwa Tanganyika; na Ceratophyllum demersum, inayoelea bila mizizi, imejaa kando ya Ziwa Victoria. Hawa wote hawakuombi mwanga wa uwanja wa mpira.

Litazame jani la Anubias kwa karibu. Nene, gumu, kijani kilichokolea, ukilikunja kidogo linarudi. Jipya hutoka limejiviringa na limepauka, kisha hujifungua taratibu, na mwenzake wa pili humfuata baada ya wiki kadhaa. Mmea ni mvivu, lakini jani lake hudumu miezi na miezi. Na jani linalokaa miezi yote hiyo chini ya taa kali, bila kubadilishwa, mwani unapata muda wa kujenga. Huanza na madoa ya kijani juu, mviringo, madogo kama kichwa cha pini. Ukiyasugua kwa kidole gumba hayatoki. Baadaye pembeni mwa jani hutokea manyoya meusi, mafupi, yanayocheza na mkondo wa filta. Mwenye tangi anaona mmea unakufa, anasema unataka mwanga zaidi. Masikini Anubias. Ungekuwa na miguu ungeshaondoka.

Tukishajua tunapanda nini, ndipo tunaweza kusoma boksi. Boksi lina namba nyingi, na baadhi zimewekwa ili zikutishe utoe pesa. Anza na wati. Zamani tulikuwa na kanuni kutoka Marekani, wati mbili kwa kila galoni, na watu waliikariri wakairithisha. Ilikuwa kanuni ya tyubu za zama hizo, na ilifaa kwa sababu tyubu zote zilikaribiana tabia. Wati inapima umeme unaoliwa. Balbu ya waya ilikula wati 60 ikatoa lumeni 800 hivi, kilichobaki kikawa joto la kuchemsha samaki. LED inatoa kiasi hichohicho kwa wati 9 tu. Anayekutajia wati kwa galoni leo mpe kiti, mpe maji ya kunywa, ushauri wake usiuchukue.

Lumeni ni mwanga uliopimwa kwa jicho la binadamu, na jicho la binadamu lina upendeleo: linaona zaidi kijani na manjano. Mmea unatumia mwanga wenye urefu wa mawimbi kati ya nanometa 400 na 700, na wataalamu huhesabu fotoni za eneo hilo, wakaziita PAR. Kifaa cha kupimia ni ghali, na kwa tangi la sebuleni ni sawa na kununua mizani ya sonara kupima unga wa ugali. Lumeni zinatosha kukadiria. Kwa mimea ya kivuli niliyoitaja, wafugaji wengi huanzia lumeni 10 hadi 20 kwa kila lita. Kwa mimea ya kati, 20 hadi 40. Ukivuka 40, andaa mtungi na mkasi.

Piga hesabu basi. Tangi la urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 36 halifiki lita 65, na ukishaweka changarawe na mawe maji yanapungua tena. Lumeni 900 zinakutosha kabisa. Tyubu ya kawaida ya LED ya futi mbili, ya wati 9 au 10, inatoa karibu na hapo. Inauzwa duka lolote la vifaa vya umeme kuanzia Kariakoo mpaka Kigoma mjini, na kwa kuwa boksi lake halina picha ya samaki, bei yake ni ya kibinadamu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ile tyubu iko rafu ya chini na hakuna anayeitangaza.

Tangi likiwa refu kwenda chini, sentimita 50 au 60, mwanga unafika sakafuni umechoka, na hapo unaweza kuongeza kidogo. Kidogo.

Halafu kuna kelvini, namba ya rangi ya mwanga, na hapa ndipo watu wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Taa nyeupe za kawaida za nyumba zetu nyingi zimeandikwa 6500K, na hiyo ndiyo ambayo wapanda mimea ya majini wameizoea ulimwenguni kote. Ile ya 3000K ni ya manjano, ya chumbani. Mmea utaota nayo pia, ila maji yataonekana yamekaa siku nyingi. Zile za buluu kali, 14,000K hadi 20,000K, zimetengenezwa kwa ajili ya wafuga matumbawe ya bahari, na mwenye gapi na Vallisneria akizinunua amelipia bahari ambayo hana. Kuna pia taa za zambarau. Wenye nazo watakwambia umbijani hupenda mwanga mwekundu na wa buluu, na hawajakosea. Lakini majani hutumia hata ule wa kijani, na sebule yako itafanana na baa saa tano usiku, wageni wasijue wakae au waagize.

Rangi ya mwanga ni ya watazamaji, na miongoni mwa watazamaji wamo samaki wenyewe. Tuna ushahidi wetu hapa nyumbani. Katika Ziwa Victoria upande wa Mwanza wapo furu wawili wa ukoo mmoja. Dume wa Pundamilia pundamilia ana ubuluu. Dume wa Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu mwaka 1985, ni mwekundu. Wa buluu hukaa maji ya juu, mwekundu hushuka chini kidogo, ambako tope la ziwa limeshaunyang'anya mwanga ubuluu wake na kuacha wekundu. Majike huchagua kwa rangi. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake waliandika katika jarida la Science kwamba pale ambapo maji yamechafuka, rangi hazionekani tena vizuri, majike hushindwa kutofautisha, na aina za samaki hupungua. Yaani mwanga mbaya umevunja koo nzima za samaki ziwani. Kwa hiyo kama unafuga furu, chagua taa inayoonyesha rangi zao sawasawa, watakushukuru. Mmea hauna maringo ya kiasi hicho.

Nirudi kwenye muda, maana hata taa ndogo ukiiacha ikeshe itafanya yaleyale. Tangi jipya lipe saa 6 kwa siku. Mimea ikishashika na kutoa majani mapya, unaweza kufika 8. Kuzidi hapo sijaona faida. Vijana wanalalamika kwamba wakitoka kazini taa imeshazima na hawajaona kitu. Basi panga iwake saa kumi jioni na izime saa nne usiku, samaki hawana saa ya ukutani. Anayetaka kuona tangi asubuhi na jioni aigawe siku, iwake asubuhi, ipumzike mchana, iwake tena jioni. Diana Walstad, Mmarekani aliyeandika mwaka 1999 kitabu kizima juu ya ikolojia ya matangi yenye mimea, ni miongoni mwa wanaopendekeza pumziko hilo, kwa kuwa mchana ule hewa ukaa hujirudishia.

Kaa mbele ya tangi jioni moja usiguse kitu. Ukiwa na Limnophila, utaona robo saa kabla taa haijazimwa ncha zake zimeanza kujikunja, moja baada ya nyingine, kana kwamba mtu anafunga kanga. Mmea umeshajua saa. Mwenye tangi ndiye hajui, bado anatafuta swichi.

Hiyo swichi usiiamini mkono wako. Nunua taima. Zile za kuzungusha zenye vipini vidogo pembeni ni rahisi na zinadumu, ila zina tabia moja ambayo hakuna anayekuambia dukani: umeme ukikatika, nazo zinasimama. Umeme ukirudi baada ya saa tatu, taima inaendelea pale ilipoishia, imechelewa saa tatu. Ukikatika tena keshokutwa, inachelewa zaidi. Baada ya wiki ya mgao tangi linawaka saa saba usiku, samaki wamechanganyikiwa, na kijana ananiambia taa imeingiwa na jini. Hakuna jini. Izungushe taima iende na saa, au nunua ile ya kidijitali yenye betri ndani, inayokumbuka.

Na ukishafika kwenye umeme, fungua simu upige hesabu nyingine. Taa ya wati 100 ikiwaka saa 18 kila siku inakula uniti 54 kwa mwezi. Tyubu ya wati 9 kwa saa 6 haifiki hata uniti mbili. Nimewaona wake wakiuliza LUKU inakwenda wapi na waume wakitazama dari.

Dirisha nalo ni taa. Watu wanahangaika na lumeni, kumbe tangi limewekwa pale jua la saa tisa linapoingia moja kwa moja. Jua hilo likipita kwenye kioo linakuza mwani kuliko taa yoyote ya Kariakoo, na maji yanapata joto. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo wakati ambapo samaki anaihitaji zaidi. Asubuhi unakuta maji yamekuwa kijani kizito, huoni ukuta wa nyuma. Usimwage yote kwa hasira. Hamisha tangi, au tundika pazia zito, na ubadilishe theluthi ya maji kila baada ya siku chache.

Aliyekwisha nunua taa kubwa asione haya, hayuko peke yake, na kuna namna ya kuokoka nayo. Punguza muda kwanza, kwa kuwa kupunguza muda ni bure. Kisha ipandishe juu: taa iliyolala juu ya kioo ukiiinua kwa shubiri moja, mwanga unatawanyika na makali yanapungua. Kama ina kitufe cha kupunguza mwanga, kitumie. Kiliwekwa kwa sababu. Au weka mimea ya kuelea itie kivuli, Salvinia au Pistia, ukiivuna kila wiki ili isifunike uso wote. Ukivuna, kausha juani au weka kwenye mbolea ya bustani. Usitupe mtoni wala bwawani, tafadhali. Mnajua gugu maji lilivyolifanya Ziwa Victoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na kuna watu huko hadi leo wanalichana kwa panga ili mtumbwi upite.

Majani yaliyokwisha kushikwa na mwani hayatapona. Yakate, hata kama roho inauma, yaache machanga. Madoa ya kioo yakwangue kwa kadi ya simu iliyokwisha kama huna wembe. Konokono wachache na uduvi watakusaidia kulamba kilichobaki, lakini usinunue kundi la uduvi ukaendelea kuwasha taa saa 18; utakuwa umeajiri vibarua kwenye shamba ambalo wewe mwenyewe unalipanda magugu.

Halafu ngoja. Wiki tatu nzima usibadilishe kitu kingine. Hapa ndipo wengi wanapoangukia pua, maana wiki ya kwanza baada ya kupunguza taa hakuna kinachoonekana, tangi limefifia kidogo, mke anasema zamani lilikuwa linapendeza zaidi, na mkono unaanza kuwasha. Mtu anaongeza saa moja tu. Kesho anaongeza nyingine. Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Jicho lenyewe linazoea mwanga mdogo baada ya siku chache. Kaa nalo, litakuja.

Na kwa kuwa nimewapeleka kwenye tyubu ya dukani, nisiwaue. Maji na umeme si marafiki. Weka kioo cha kufunika juu ya tangi, tyubu ikae juu ya kioo na si chini yake, sehemu zilizoungwa zizibwe vizuri. Waya ushuke chini ya soketi kwanza kisha upande kuingia, ili tone likitiririka lidondoke sakafuni badala ya kuingia ukutani. Na ukitia mkono majini, chomoa. Hata kama ni kwa dakika moja, hata kama ulifanya jana bila kuchomoa na hukudhurika.

Ile taa kubwa uliyoivua, usiifungie stoo ikaliwe na mende. Pale kona ya kituo cha daladala kuna kijana anakaanga chipsi usiku, anamulika karai kwa tochi ya simu aliyoibana kwa shavu, na mafuta yanamrukia. Muuzie kwa bei ya hasara, yeye ndiye mwenye kazi nayo. Na ukipita huko, niletee chipsi mayai, umwambie asiyakaushe.